Programu ya Nakala Rudufu Hupimwa Siku ya Kurejesha

Programu ya nakala rudufu ina kazi mbili: kuchukua nakala ya vilivyomo kwenye kompyuta na kuiweka mahali pengine, kisha kuvirudisha vitu hivyo vinapohitajika. Matangazo ya wauzaji hushughulika na kazi ya kwanza. Humo msomaji huahidiwa kasi, ratiba, ubanaji wa mafaili na alama ya kijani inayoonyesha kwamba mambo yote ni shwari. Kazi ya pili, ambayo ndiyo iliyomfanya mtu anunue diski ya nje, hutajwa kwa sentensi moja chini ya ukurasa. Mwenye kompyuta ya nyumbani anayetaka kuchagua vizuri hana budi kuanzia huko chini. Faili likipotea leo, litarudi kwa njia gani, kwenye mashine ipi, kwa mkono wa nani, na baada ya saa ngapi?

Swali hilo huipangua orodha nzima ya programu zinazosifiwa. Ile inayobana mafaili hadi nusu ya ukubwa wake inaweza kuwa ndiyo isiyofunguka bila leseni, na leseni imekwisha muda. Nyingine isiyo na sura ya kuvutia, inayonakili mafaili jinsi yalivyo na kuyapanga kwenye folda za kawaida, huweza kufunguliwa hata na jirani kwenye kompyuta yake. Kwa matumizi ya nyumbani, hiyo ya pili mara nyingi ndiyo bora.

Kabla ya programu, kuna suala la ajali. Diski kufa yenyewe ndiko kunakoogopwa zaidi, lakini nyumba hupoteza vitu vyake kwa njia nyingi. Laptopu huibwa, na aghalabu huondoka na begi lililobeba diski ya nje. Umeme hukatika wakati diski inaandika. Mtoto hufuta folda ya picha apate nafasi ya mchezo, na hakuna anayegundua mpaka sikukuu inayofuata. Flashi iliyopelekwa steshenari kwa ajili ya kuchapisha karatasi tano hurudi na kirusi kinachoficha folda zote na kuweka njia za mkato mahali pake. Halafu kuna ajali ambayo watumiaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala wanaijua kuliko waandishi wa vitabu vya kompyuta: mashine inakuwa nzito, inapelekwa kwa fundi, fundi anauliza kama ina vitu vya muhimu, na mwenyewe anajibu kwamba vyote viko kwenye Documents. Fundi anaihamisha Documents, anapiga Windows upya, anarudisha alichohamisha. Miaka mitatu ya picha ilikuwa kwenye Desktop. Hakuna aliyefanya hila hapo; kila mmoja alitimiza alichoambiwa.

Kila ajali inadai dawa yake. Diski ikifa, nakala iliyo kwenye diski nyingine inatosha. Kukiwa na mwizi au moto, nakala lazima iwe nje ya nyumba. Kirusi kikiingia, inayopona ni nakala ambayo haikuwa imechomekwa siku hiyo. Na ufutaji uliogunduliwa baada ya miezi minne hauponi mpaka programu iwe imetunza hali ya mafaili ilivyokuwa miezi minne nyuma. Mpiga picha wa Kimarekani Peter Krogh alieneza kanuni fupi katika kitabu chake kuhusu utunzaji wa picha za kidijitali: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine kabisa. Kanuni hiyo imekuwa maarufu na inastahili, ila haisemi lolote kuhusu muda. Mtu anaweza kuwa na nakala tatu za folda tupu, zote zikiwa zimesasishwa usiku wa jana.

Ndiyo maana kigezo cha kwanza cha programu ni matoleo ya zamani: inatunza mangapi, kwa muda gani, na inayafuta kwa utaratibu upi. Hapa ndipo nakala rudufu hutengana na usawazishaji unaofanywa na OneDrive, Google Drive au Dropbox. Usawazishaji ni kioo: kinachofanyika upande mmoja huonekana upande wa pili papo hapo, ufutaji ukiwemo. Huduma hizo zina pipa la taka, na kwa Google Drive na OneDrive ya binafsi kilichofutwa hukaa humo siku 30. Anayegundua kosa siku ya thelathini na mbili hana pa kwenda. Huduma hizi ni nzuri kwa kufanyia kazi kwenye simu na kompyuta kwa pamoja, na zinaweza kuwa sehemu ya mpango mzima, lakini aliye nazo pekee bado hajaweka nakala rudufu.

Programu zenyewe ni za koo mbili. Ukoo wa kwanza huchukua mafaili: barua, picha, hesabu za duka, tasnifu. Ukoo wa pili huchukua taswira ya diski nzima, yaani mfumo endeshi, programu zilizosakinishwa, mipangilio na mafaili, vyote vikafungwa ndani ya faili moja kubwa au mfululizo wa mafaili makubwa. Diski ikifa, fundi hufunga nyingine, huwasha mashine kwa flashi ya uokoaji iliyotengenezwa na programu hiyohiyo, na baada ya saa moja au mbili kompyuta hurudi kama ilivyokuwa, hadi picha ya ukutani. Kwa anayetumia programu ya hesabu iliyosakinishwa zamani kutoka kwenye CD ambayo haijulikani iko wapi, taswira ni mkombozi.

Hata hivyo taswira husifiwa kupita kiasi. Ni kubwa, kwa hiyo huchukuliwa mara chache, na kwa hiyo huwa imepitwa na wakati siku inapohitajika. Ikirejeshwa kwenye mashine ya aina nyingine, Windows huweza kugoma kuwaka au kukosa madereva ya kadi ya mtandao. Zaidi ya hayo, inalinda kwa gharama kubwa kitu ambacho ni rahisi kupatikana. Windows hupigwa upya na fundi yeyote kwa muda wa kunywa chai. Picha za mazishi ya babu hazipigwi upya na yeyote. Nyumba yenye nafasi na pesa kwa njia moja tu ichague programu ya mafaili. Yenye uwezo wa zote mbili iweke mafaili kila siku na taswira kila baada ya miezi michache, hasa pale mashine inapokuwa imetoka kusafishwa na inafanya kazi vizuri.

Mtego mmoja wa taswira hujitokeza siku ya kwanza. Flashi na diski ndogo nyingi huuzwa zikiwa zimefomatiwa kwa FAT32, mfumo usioweza kubeba faili moja linalozidi GB 4. Programu nyingine hukata taswira vipande vipande bila kuuliza, nyingine husimama katikati na kutoa ujumbe usioeleweka kuhusu nafasi, ilhali diski iko tupu. Dawa ni kuifomati diski kwa NTFS au exFAT kabla ya kuanza, ikiwa bado haina kitu.

Jambo jingine lisiloonekana kwenye matangazo ni mafaili yaliyo wazi. Faili la hesabu za duka huwa limefunguliwa kutwa nzima, na programu dhaifu ya kunakili hulikuta limefungiwa, ikaliruka na kuendelea. Windows ina huduma iitwayo Volume Shadow Copy inayoigandisha hali ya diski kwa kitambo kidogo ili nakala ichukuliwe bila kusimamisha kazi. Programu ya nakala inayofaa huitumia. Isiyoitumia itatoa ripoti yenye mafaili 12,000 yaliyonakiliwa na moja lililorukwa, na hilo moja ndilo la madeni ya wateja.

Mtu asikimbilie kununua kabla ya kutazama kilichomo ndani ya mashine. Watumiaji wa Mac wamekuwa na Time Machine tangu toleo la Leopard la Oktoba 2007, na ni vigumu kuwashauri wahangaike na kingine. Ikishapewa diski, huchukua nakala kila saa, hutunza za kila saa kwa siku nzima iliyopita, za kila siku kwa mwezi uliopita na za kila wiki kwa kipindi cha nyuma zaidi, na diski ikijaa hufuta za zamani kabisa. Apple hushauri diski iwe na walau mara mbili ya ukubwa wa ile ya ndani. Kasoro yake ni kwamba diski hiyo haisomeki kirahisi kwenye Windows, hivyo familia yenye Mac moja katikati ya kompyuta za Windows ijue kwamba nakala zake zitahitaji Mac nyingine siku ile moja itakapoharibika.

Upande wa Windows hali ni ya vurugu zaidi, na lawama ni za Microsoft yenyewe. Ndani ya Windows 11 mna zana tatu zenye majina yanayokaribiana. Ya kwanza imerithiwa kutoka Windows 7 na ina uwezo wa kuchukua taswira, lakini Microsoft iliiweka kwenye orodha ya vitu vinavyoachwa tangu mwaka 2017 na kuwashauri watu watafute programu za nje. Ya pili, Windows Backup, husukuma folda chache na mipangilio kwenye OneDrive, ambayo bure yake ni GB 5. Jina lake ni kubwa kuliko kazi yake. Ya tatu ni File History, iliyokuja na Windows 8 mwaka 2012, na sasa imefichwa ndani ya Control Panel kana kwamba inaonewa aibu.

Hiyo iliyofichwa ndiyo yenye manufaa kuliko zote. Ikishawashwa na kuonyeshwa diski ya nje, File History hupitia folda za mtumiaji kila saa na kunakili kilichobadilika tu. Uzuri wake mkubwa unaonekana pale mtu anapofungua diski hiyo kwenye kompyuta nyingine kabisa. Ndani yake kuna folda iitwayo FileHistory, ndani ya hiyo jina la mtumiaji, kisha jina la mashine, kisha, hatua chache ndani zaidi, folda zilezile za nyumbani. Barua ya maombi ya mkopo itakuwepo mara kadhaa, kila mara ikiwa na tarehe na saa ndani ya mabano baada ya jina lake, saa hiyo ikiwa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mtu hubofya na barua inafunguka. Hakuna leseni, hakuna kusakinisha kitu, hakuna anayeulizwa nenosiri. Ubaya wake ni kwamba hutunza folda ilizozoea tu, kama Documents, Pictures na Desktop. Anayeweka kazi zake kwenye D: au kwenye folda aliyoitengeneza mwenyewe chini ya C: lazima aiongeze kwenye maktaba za Windows, la sivyo haitaguswa na wala hataambiwa.

Suala la Windows 10 linaigusa Afrika Mashariki kwa namna yake, kwa kuwa laptopu nyingi zinazouzwa huku ni zilizotumika Ulaya na Ghuba, na nyingi ni za kabla ya vizazi vya prosesa vinavyokubaliwa na Windows 11. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft iliwapa watumiaji wa nyumbani nafasi ya kupata masahihisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi, na moja ya njia za kuyapata bila kulipa ni kuruhusu Windows Backup ihifadhi mipangilio yao kwenye OneDrive. Wengi wameiwasha kwa sababu hiyo, nao sasa wanaona alama ya kijani na kuamini kwamba picha zao ziko salama. Kilichohifadhiwa kinaweza kuwa ni mipangilio tu.

Kwenye Linux, Ubuntu ina Déjà Dup, yenye dirisha rahisi na ratiba. Isichanganywe na Timeshift, ambayo hulinda mfumo wenyewe na kwa kawaida huiacha nje folda ya nyumbani ya mtumiaji. Wapo waliorejesha mfumo kwa Timeshift wakishangaa kwa nini tasnifu haikurudi.

Anayehitaji zaidi ya hivyo hutoka nje ya mfumo, na huko bure bado inatosha wengi. Veeam Agent ya bure, kazi ya kampuni inayojulikana zaidi kwa seva za makampuni, huchukua taswira kwa ratiba na kutengeneza flashi ya uokoaji, tena huweza kutoa faili mojamoja kutoka ndani ya taswira. Clonezilla, iliyotengenezwa Taiwan, ni ngumu kwa macho lakini mafundi huiamini. Huendeshwa mashine ikiwa imewashwa kwa flashi, kwa hiyo haina ratiba, na kwa kawaida hudai diski ya kurejeshea isiwe ndogo kuliko ya mwanzo. Rescuezilla hufanya kazi hiyohiyo kwa dirisha la kubofya. Kwa wanaopenda kuandika amri, restic na BorgBackup ni kazi safi: hukata mafaili vipande, hutunza kila kipande mara moja tu hata kikijirudia kwenye matoleo mia, na huweza kusimba vyote kwa nenosiri. Kopia hutoa uwezo wa aina hiyo pamoja na dirisha. Za kulipia zina nafasi yake, ila baadhi zimejazwa kinga ya virusi, kisafisha diski, hifadhi ya wingu na matangazo ya kuongeza malipo, mpaka kitufe cha kurejesha kinatafutwa kama sindano. Programu ya nakala rudufu inapaswa kuwa kitu cha kuchosha.

Maisha ya programu nayo yatazamwe, kwa kuwa nakala hudumu kuliko nia za makampuni. CrashPlan ilipendwa sana na watumiaji wa nyumbani, hata ikawaruhusu kuweka nakala kwenye kompyuta za marafiki. Agosti 2017 wenye kampuni walitangaza kwamba wanaachana na nyumba na kubaki na wateja wa biashara, na mwaka uliofuata huduma ya nyumbani ikafungwa. Macrium Reflect ilikuwa na toleo la bure lililosifiwa kwenye kila orodha, nalo likafikia mwisho wa masahihisho yake tarehe 1 Januari 2024. Waliokuwa na taswira za Macrium hawakuzipoteza, lakini walijikuta na mafaili ya muundo unaofunguka kwa programu ya kampuni moja. Basi kati ya programu mbili zinazolingana kwa mengine, inayotumia muundo wa wazi, au inayoacha mafaili jinsi yalivyo, itangulizwe.

Wingu linahitaji hesabu kabla ya imani. Nyumba yenye GB 200 za picha na video, ikiwa na kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde, itahitaji takriban saa 89, yaani karibu siku nne bila mtandao kuyumba hata dakika moja. Diski ya nje ya USB 3.0 inayoandika MB 100 kwa sekunde humaliza mzigo huohuo kwa kama dakika 35. Kwa anayetegemea bando la simu, hesabu hiyo haifai hata kuanzwa. Na siku ya kurejesha, mzigo wote hurudi kwa barabara ileile. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na mtandao ukazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani; ambaye diski yake ilikufa wiki hiyo, huku nakala yake pekee ikiwa Ulaya, alikuwa na muda mwingi wa kutafakari.

Hata hivyo wingu ndilo jibu rahisi zaidi kwa mwizi na moto. Njia ya busara ni kutenganisha vitu vidogo visivyo na mbadala na vikubwa visivyo na mbadala. Vyeti vilivyoskaniwa, hati ya kiwanja, mikataba, tasnifu na hesabu za mwaka vyote kwa pamoja mara nyingi havifiki GB 2, na huenea ndani ya GB 15 za bure za Google au GB 5 za OneDrive. Hivyo vipandishwe mawinguni. Picha na video zikae kwenye diski mbili, moja nyumbani na moja kwa dada, kazini au kijijini, zikibadilishana nafasi kila mtu anaposafiri. Anayetaka vyote viende mawinguni kwa programu kama Backblaze, ambayo mwaka 2023 ilipandisha ada yake hadi dola 99 kwa mwaka kwa kompyuta moja, ahakikishe programu inaruhusu kupunguza kasi na kupangiwa saa za usiku, na kwamba kadi anayolipia haitakwama mwezi wa kuhuisha. Huduma za namna hii hufuta data ya asiyelipa baada ya muda, na barua pepe ya onyo huangukia miongoni mwa matangazo.

Kusimba nakala ni lazima kwa chochote kinachotoka nje ya nyumba, diski ya kwa dada ikiwemo. Lakini usimbaji una upande wa pili unaouma. Restic na Borg hazina mlango wa nyuma: nenosiri likisahaulika, nakala zimekwenda, na hakuna huduma kwa wateja wa kupigia simu. Kompyuta nyingi mpya za Windows 11 nazo huwashwa zikiwa zimesimba diski ya ndani bila mwenyewe kujua, na ubao mama ukifa, fundi hataweza kuichomoa diski na kuisoma kwenye mashine nyingine bila ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48. Ufunguo huo hukaa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuwasha mashine, ambayo kwa laptopu ya mtumba au iliyosetiwa na muuzaji inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa. Uandikwe kwenye karatasi, pamoja na nenosiri la nakala, na karatasi ikae mbali na kompyuta.

Virusi vya kudai fidia vimebadilisha maana ya diski iliyochomekwa. Kirusi cha STOP, kijulikanacho pia kama Djvu, kilionekana kuanzia mwaka 2018 na kikasambaa hasa kupitia programu zilizovunjwa leseni, yaani zile zinazowekwa bure na fundi kama zawadi. Hushambulia kila herufi ya diski inayoonekana, ya nje ikiwemo, na hufuta matoleo ya kivuli ambayo Windows huyaweka ndani. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa zana ya bure ya kufungua mafaili ya matoleo ya awali ya kirusi hicho. Yaliyofuata yalibadilisha namna ya kutengeneza funguo, na kwa wengi zana hiyo haikufua dafu. Hakuna programu ya nakala inayoweza kuhakikisha usalama wa diski iliyobaki imechomekwa wiki nzima. Ratiba ya kila saa na diski isiyochomolewa ni vitu vinavyovutana, na suluhisho la nyumbani ni diski mbili: moja ikae, nyingine ichomekwe Jumamosi na kuchomolewa Jumamosi. Na programu ya nakala rudufu ambayo yenyewe imevunjwa leseni ni mzaha usiochekesha.

Linabaki jaribio, nalo ndilo huamua. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab, usiku, alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Alipozinduka na kusimamisha amri, kati ya takriban GB 300 zilibaki 4.5. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za nakala rudufu. Moja ilikuwa imeacha kufanya kazi kimyakimya kwa sababu ya tofauti ya matoleo ya programu, na barua pepe za kuonya zilikataliwa na mfumo wa barua kabla hazijamfikia mtu. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa, na kazi ya hizo saa sita ikapotea. Hao ni watu ambao kompyuta ndiyo kazi yao.

Nyumbani jaribio huchukua robo saa. Tengeneza folda mpya iitwe Jaribio. Fungua programu, chagua vitu vitatu: picha moja ya zamani, waraka mmoja wa wiki hii, na waraka huohuo kama ulivyokuwa mwezi uliopita. Virejeshe ndani ya Jaribio, si juu ya vya asili. Fungua kila kimoja, uone picha yote imetokea na si nusu yenye ukanda wa kijivu. Linganisha waraka mpya na wa zamani. Kisha, ikiwezekana, chomeka diski kwenye kompyuta ya mtu mwingine na urudie. Programu inayoshindwa mtihani huu iachwe, hata kama imesifiwa na dunia nzima. Kwa taswira, jaribio la chini kabisa ni kuwasha mashine kwa flashi ya uokoaji na kuona kama inaitambua diski ya nje. Flashi nyingi za uokoaji hutengenezwa mara moja na hazijawahi kuwashwa.

Diski zenyewe nazo zijaribiwe kabla ya kuaminiwa, kwani sokoni zimo flashi na diski bandia zinazojitangaza kuwa na TB 1 au 2 huku ndani zikiwa na GB 32. Zikijaa huandika juu ya vya zamani bila kulalamika, na programu ya nakala huripoti mafanikio. Zana ya bure H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Mac, huijaza diski yote kwa data ya majaribio kisha kuisoma tena. Diski kubwa itachukua usiku mzima, na ifanyiwe hivyo ikiwa bado tupu na risiti bado iko mfukoni.

Kwa nyumba ya kawaida yenye Windows, basi, chaguo ni File History kwenye diski ya nje iliyojaribiwa, folda ndogo ya nyaraka muhimu mawinguni, na taswira ya Veeam au Rescuezilla mara mbili tatu kwa mwaka kwenye diski ya pili inayokaa kwingine. Yenye Mac itumie Time Machine kwenye diski mbili zinazobadilishana. Mwenye Ubuntu atumie Déjà Dup, au restic kama anajua anachokifanya. Atakayehama kutoka programu moja kwenda nyingine atunze kisakinishi cha ile ya zamani na namba ya leseni kwenye diski ileile yenye nakala zake, na asiifute diski hiyo mpaka programu mpya iwe imerejesha walau faili moja la tangu mwaka wa kwanza.